Ukija Kusoma Lushoto, Panga na Mapumziko

Mwanafunzi anayepanda kona za Mombo kwenda Lushoto kwa mara ya kwanza huhofia baridi na upweke. Baada ya wiki chache mambo hugeuka: marafiki wamepatikana, simu imejaa picha za milima, na kazi tatu za kozi zinatakiwa Ijumaa. Uwe umetoka Dar es Salaam, Unguja au nje ya nchi, uwe unasoma sheria Chuo cha Uongozi wa Mahakama au umekuja kutafiti misitu ya Usambara, mbinu hizi zitakufaa.

Andika tarehe mapema. Wiki ya kwanza, kusanya tarehe za testi, kazi za vikundi na mitihani kwenye karatasi moja, uibandike ukutani. Wiki yenye tarehe mbili au zaidi, usipange safari. Wiki zinazobaki ni zako, zifaidi bila kujilaumu.

Kazi ngumu imalize mchana. Mji uko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Juni hadi Agosti usiku wake unauma. Ukijiahidi kusoma usiku, utaingia na kitabu chini ya blanketi, na ukurasa wa pili hutaufikia. Tumia nafasi kati ya vipindi kukaa maktaba. Jioni bakiza kazi nyepesi, kama kupanga notsi.

Chagua matembezi kwa saa, si kwa sifa. Genge la Irente hufikika kwa miguu kutoka mjini. Ukimaliza kazi Jumamosi asubuhi, unakwenda kusimama ukingoni kuitazama Mazinde na tambarare iliyo chini, unapitia Irente Farm kununua jibini na mkate, na giza linakukuta umeshafika chumbani. Msitu wa Magamba utengee siku nzima, pamoja na fedha ya kiingilio na mwongozaji. Mtae, kijiji kilicho kaskazini kabisa mwa milima, iko mbali, na raha yake ni kulala huko. Isubiri mitihani iishe. Kwenda Mtae na kurudi Jumapili wakati Jumatatu kuna testi ni kujitafutia sapu.

Masika yaheshimu. Machi hadi Mei njia za udongo huteleza na usafiri wa vijijini huwa wa kubahatisha. Kazi kubwa za kuandika zisukumie miezi hiyo. Ukitoka, ulizia gari la mwisho la kurudi kabla hujapanda la kwenda.

Nyumbani si pa wikiendi. Basi la Dar es Salaam linakula sehemu kubwa ya siku kwenda, na nyingine kurudi. Chagua jioni moja kwa wiki ya kupiga simu kwa wazazi, safari ingoje likizo.

Pumzika kidogo kila siku. Nusu saa sokoni inatosha. Jifunze salamu za Kisambaa kwa mama anayekuuzia viazi. Ukizoeana na wenyeji, hutakuwa na haja ya kukimbia mji kila Ijumaa.

Mwisho, waambie mapema wenzako wa kikundi kwamba Jumamosi mchana hupatikani. Na ukiahidi sehemu yako Ijumaa, ilete Ijumaa. Anayetimiza ahadi hiyo, hakuna atakayemuuliza Jumamosi alikuwa wapi.