ADABU YA BARABARANI: MWENYE BAISKELI NA MWENYE MOTOKAA

Barabara kuu itokayo Kisii kwenda mpaka wa Tanzania yapita Rongo, Awendo na mji wa Migori, kisha hufika Isebania. Kutoka Rongo njia nyingine yapita Rodi Kopany na kushuka mpaka Homa Bay, kando ya Ziwa Victoria. Juu ya njia hizi hupita malori, matrekta yachukuayo miwa kwenda kiwanda cha sukari cha Awendo, matatu, pikipiki, na tena baiskeli, ambayo Waluo huiita ndiga. Wote hutumia lami moja, nayo haina upana wa kuwatosha wote kwa mara moja. Hapo ndipo ugomvi huanza.

Malalamiko yenyewe yajulikana. Dereva husema kwamba wenye baiskeli ni wakaidi, hupigiwa honi wasitoke. Mwenye baiskeli naye husema kwamba wenye motokaa ni watu wa kiburi, wadhanio kuwa barabara ilijengwa kwa ajili yao tu. Yafaa jambo hili lichunguzwe kwa utulivu, maana mara nyingi asili ya ugomvi ni ukingo wa lami, ambao mmoja auona na mwenziwe hauoni.

Mfano ni mtu aliyetoka Homa Bay alfajiri na gunia la omena nyuma ya baiskeli yake, akipanda kilima kuelekea soko la Rodi. Kwa kuwa uzito wote uko nyuma, gurudumu la mbele huwa jepesi na usukani huyumba. Lori lamfuata, lapiga honi ndefu. Kushoto kwake lami imeliwa na mvua na matairi, na udongo uko chini kwa kina cha kiganja cha mkono. Akishuka ghafula, mzigo utampindua. Na akijaribu kurudi juu, gurudumu litanaswa na ukingo, aanguke upande wa kulia, yaani mbele ya lori lile lile alilolikimbia. Basi hubaki alipo. Dereva, aketiye juu katika kiti chake, haoni ukingo ule, humhesabu kuwa ni mjeuri.

Kwa hiyo dereva mwenye adabu hupiga honi akiwa mbali, mara moja, kwa kifupi. Mwenye baiskeli akisikia mapema aweza kutafuta mahali ambapo udongo umelingana na lami, akashuka bila hatari, na kumpungia mkono apite. Honi ipigwayo karibu na sikio haina faida yo yote ila kumshtua mtu ambaye tayari ayumba.

Na kungoja je, kuna hasara gani? Hesabu yake ni nyepesi. Baiskeli iendayo kilometa 15 kwa saa hupita mita 100 kwa sekunde 24. Lori liendalo kilometa 80 kwa saa, ndio mwisho wa mwendo ambao sheria ya Kenya yaruhusu kwa malori na magari ya abiria, hupita mita hizo kwa sekunde nne na nusu. Dereva aliyemfuata mwenye baiskeli mita 100 nzima amepoteza sekunde 20 hivi. Matatu ikisimama kutafuta abiria mmoja tu hupoteza nyingi kuliko hizo, wala hakuna anayelalamika. Katika miji na vituo vya biashara mwendo usizidi kilometa 50, na huko ndiko baiskeli zilipo nyingi.

Hatari iliyo mbaya zaidi hutoka mbele. Dereva akitaka kulipita trekta la miwa hutazama kama kuna motokaa ijayo. Akiona baiskeli tu, huhesabu kwamba njia ni tupu. Njia hiyo si tupu. Mwenye baiskeli ajaye yuko upande wake wa haki, naye hana pa kukimbilia ila shimoni.

Wenye baiskeli nao wana wajibu wao. Wasiende wawili wawili sambamba wakiongea. Atakaye kuingia kulia atazame nyuma kwanza, anyoshe mkono, na gari likiwa karibu asimame kushoto hata lipite. Atokaye katika kijia cha shambani asimame kabla ya kukanyaga lami. Tena wako vijana washikao nyuma ya lori ili liwavute kilimani. Dereva hawaoni, na akifunga breki hawana nafasi ya kuponea.

Mwisho ni habari ya giza. Baiskeli nyingi hazina taa, na nguo nyeusi hazionekani. Mwendo wa kilometa 80 kwa saa ni mita 22 kila sekunde. Dereva amwonaye mtu umbali wa mita 40 amekwisha kula zaidi ya nusu ya nafasi hiyo kabla mguu wake haujagusa breki. Kioo chekundu nyuma ya baiskeli hurudisha nuru ya motokaa toka mbali, wala hakihitaji betri. Gunia likining'inia likakifunika, kifungwe juu ya gunia lenyewe.