Kipara, Helmeti na Baridi ya Mlimani: Maswali na Majibu

Mzazi aliyetoka Bukavu, Mombasa au Tabora akahamia Alberta, Kanada, mara nyingi hajipeleki mwenyewe kwenye theluji. Hupelekwa na wanawe. Watoto huenda mlimani na shule, wakirudi hawana habari nyingine isipokuwa skii, na msimu haujaisha baba naye yuko kwenye lifti ya viti pale Lake Louise, helmeti ya kukodi kichwani. Kama ana kipara, hapo ndipo maswali huanza. Nimekusanya yale ninayoulizwa zaidi na wanafunzi wangu wa skii, wenye kipara cha wembe na wenye kipara cha umri, na kuyajibu moja baada ya jingine.

Swali: Helmeti ni nene na ngumu. Mbona kichwa changu kinaganda na wenzangu wenye nywele hawalalamiki?

Jibu: Unene wa helmeti hauna tatizo. Ndani ya ganda lake mna povu jeupe gumu, lile lile linalofungashiwa televisheni, nalo huzuia joto lisitoke. Baridi inakuingilia kwa njia tatu: matundu ya hewa yaliyo juu ya helmeti, pengo kati ya ukingo wa helmeti na miwani ya skii, na jasho lako mwenyewe.

Mwenye nywele ana hewa iliyonaswa kati ya nywele zake, na hewa iliyotulia ndiyo inayotunza joto. Wewe huna tabaka hilo, kwa hiyo upepo ukipenya kwenye tundu unakutana na ngozi moja kwa moja. Halafu kuna mwendo. Hewa ikiwa nyuzi 10 chini ya sifuri na upepo unakupiga kwa kilomita 30 kwa saa, ngozi iliyo wazi inaihisi baridi kama ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Mwendo huo hata anayejifunza anaufikia akiteremka.

Tena mishipa ya damu ya kichwani haijibani kwenye baridi kama ile ya vidole. Vidole hufungiwa damu ili joto libaki kifuani. Kichwa huendelea kupelekewa damu ya moto, na joto linaendelea kutoka.

Swali: Ni kweli kwamba karibu nusu ya joto la mwili hupotea kichwani?

Jibu: Si kweli. Dai hilo lilienea kutokana na mwongozo mmoja wa jeshi la Marekani wa mwaka 1970, ulioandika kuwa asilimia 40 hadi 45 ya joto hupotea kupitia kichwa. Kichwa cha mtu mzima ni kama asilimia 10 tu ya eneo la ngozi yake, na mtu akiwa hana nguo, joto linalotoka kichwani halipishani sana na kiwango hicho.

Ila mlimani huendi bila nguo. Umevaa koti, suruali ya theluji, glavu na mabuti. Nyumba ikifungwa milango yote na kubakizwa dirisha moja, baridi yote itapitia dirishani. Kichwa kinadai kufunikwa kwa sababu hiyo, wala hakina maajabu yake ya pekee.

Swali: Basi nivae nini chini ya helmeti?

Jibu: Kofia nyembamba inayobana kichwa, iliyotengenezwa mahususi kuvaliwa chini ya helmeti. Iwe ya sufu ya merino au ya poliesta nyepesi. Sufu hubaki na joto hata ikilowa kidogo, na haitoi harufu upesi. Poliesta hukauka haraka na bei yake ni nafuu. Pamba iache nyumbani: inanyonya jasho, inalishikilia, na ukikaa kwenye lifti inageuka kitambaa baridi kilichogandamana na utosi.

Kabla ya kununua, igeuze upande wa ndani uangalie mishono. Mwenye nywele hasikii mshono mnene. Wewe utausikia baada ya saa moja, na jioni utakuwa na alama kichwani. Tafuta yenye mishono bapa, na hakikisha inafika chini ya ncha za masikio.

Siku za nyuzi 20 chini ya sifuri na zaidi, badala ya kofia vaa boshori jembamba linalofunika kichwa, masikio na shingo. Linaziba pia ile sehemu ya kisogo inayobaki wazi kati ya helmeti na kola ya koti.

Swali: Shikamoo mwalimu. Nina mzula wa sufu nilioletewa na dada yangu kutoka Arusha, mzito na wenye joto kweli. Siwezi kuuvaa huo chini ya helmeti?

Jibu: Marahaba. Mzula huo uvae ukiwa umeegesha gari na ukiwa mkahawani. Chini ya helmeti usiuvae.

Helmeti hukulinda kwa kukaa mahali pake. Ukianguka, lile povu gumu husagika na kumeza nguvu ya pigo kabla haijafika kwenye fuvu. Sufu nene hulainika na kuteleza, kwa hiyo helmeti inaweza kuzunguka au kurudi nyuma, na paji la uso likabaki wazi wakati unapoihitaji helmeti. Tena mzula mnene huinua helmeti juu, mkanda wa kidevu haufiki vizuri, na lile pengo la mbele linaongezeka.

Baraghashia nayo ni hivyo hivyo. Pande zake ngumu zinasimama, helmeti haikai, na vile vitundu vya mdarizi vilivyowekwa kupitisha hewa vinafaa Lamu na Muscat kuliko hapa.

Swali: Nitajuaje kwamba helmeti inanitosha?

Jibu: Nenda dukani na ile kofia nyembamba utakayoivaa, na pima ukiwa umeivaa. Zungusha utepe wa kupimia juu kidogo ya nyusi na juu ya masikio, mahali kichwa kilipo kipana zaidi. Wenye kipara hukosea kwa kununua helmeti inayobana ngozi tupu, kisha kofia ikiongezwa inawauma. Au hununua kubwa wakitegemea kujazia kwa kofia nene.

Ukishaivaa, tikisa kichwa bila kufunga mkanda. Ngozi ya paji la uso isogee pamoja na helmeti. Ikiwa helmeti inacheza peke yake, ni kubwa. Angalia pia chapa ya viwango ndani yake: EN 1077 kwa zile za Ulaya, ASTM F2040 kwa zile za Amerika Kaskazini. Na ikishapata pigo kubwa, ibadilishe hata kama huoni ufa. Povu lililosagika halirudi lilivyokuwa.

Swali: Nikivaa kofia natoka jasho hadi linaingia machoni. Nikiivua naganda. Nifanyeje?

Jibu: Jasho ndilo adui mkubwa wa kipara, kuliko upepo. Nywele zingelinyonya kidogo. Kwako linateremka moja kwa moja hadi kwenye nyusi, linalowesha sponji ya miwani, na miwani inaingia ukungu.

Chagua helmeti yenye matundu yanayofungwa na kufunguliwa kwa kitufe. Yafungue unapopanda kwa miguu au unapofanya mazoezi yanayochosha, yafunge unapokaa kwenye lifti na unapoteremka. Beba kofia ya pili kavu kwenye mfuko wa ndani wa koti, ubadilishe wakati wa chakula cha mchana. Watu wengi wanaolalamika baridi ya alasiri wamevaa kofia iliyolowa asubuhi.

Jioni, vitoe vitambaa vya ndani vya helmeti kama vinatoka, uvikaushe sebuleni. Usiiweke helmeti juu ya hita wala karibu na moto, kwa kuwa joto kali huharibu povu. Usiilaze garini pia, maana asubuhi utavaa barafu.

Swali: Nikiteremka, paji la uso linauma sana, kama nimekula barafu. Ni ugonjwa?

Jibu: Ni maumivu yanayojulikana kitabibu, yanayoletwa na baridi kali inayogusa kichwa kwa nje, na kwa kawaida huisha ukishapata joto. Chanzo chake ni lile pengo kati ya helmeti na miwani. Ukingo wa helmeti unatakiwa kugusana na fremu ya juu ya miwani. Kama vidole viwili vinapita katikati, badilisha kimojawapo; ndiyo maana ni vizuri kwenda na miwani yako unaponunua helmeti.

Usijaribu kuziba pengo kwa kuivuta kofia hadi chini ya sponji ya miwani. Kitambaa kitapitisha unyevu ndani na hutaona njia.

Swali: Nyumbani tunapaka mafuta. Nikipaka kichwa mafuta mazito ya mgando, si yatazuia baridi?

Jibu: Mafuta yanazuia ngozi isikauke na kupasuka, na hewa ya majira ya baridi ni kavu mno, kwa hiyo yapake usiku baada ya kuoga. Lakini hayazuii ngozi kuganda. Utafiti uliofanywa Finland ulionyesha kwamba mafuta ya kupaka hayatoi kinga hiyo. Yanampa mtu hisia ya uongo kwamba amejikinga. Tena asubuhi yanaifanya kofia iteleze na yanachafua vitambaa vya helmeti.

Swali: Ninanyoa kila asubuhi, na kisogoni vinatoka vipele vigumu. Helmeti inavizidisha?

Jibu: Inaweza. Wanaume wenye asili ya Afrika ndio wanaopata zaidi vipele vya kisogoni, ambavyo huanza kama chunusi kwenye mashina ya nywele na baadaye vinaweza kugeuka makovu magumu. Kunyoa karibu sana na msuguano wa kola au helmeti huvichochea. Nyoa usiku uliotangulia badala ya asubuhi ya safari, usiubonyeze wembe hadi ngozini, na hakikisha kile kifaa cha kukaza kilicho nyuma ya helmeti hakikalii vipele. Kama tayari vimekuwa vigumu au vinatoa usaha, muone daktari wa ngozi kabla ya msimu.

Swali: Nimepoteza nywele kwa matibabu ya saratani na ngozi ya kichwa inauma hata kwa kuguswa. Naweza kucheza skii?

Jibu: Kwanza ruhusa ya daktari wako, mama, maana kuanguka kuna hatari zake kwa aliye kwenye matibabu. Ukiruhusiwa, vaa kofia nyembamba ya hariri au ya merino laini kabisa, isiyo na mshono juu ya utosi. Wanaovaa hijabu wanaweza kutumia ile ya michezo, nyembamba na isiyo na pini wala fundo chini ya helmeti. Fundo huwa jiwe pale utakapoanguka.

Swali: Mimi niko Dubai, nateleza Ski Dubai ndani ya Mall of the Emirates. Nahitaji yote haya?

Jibu: Huhitaji. Ukumbi ule, uliofunguliwa mwaka 2005, hauna upepo wa mlimani, na baridi yake haizidi sana kiwango cha kuganda kwa maji. Kofia moja nyembamba inatosha. Ivae hata kama husikii baridi: helmeti ya kukodi imevaliwa na wengi kabla yako, na kofia yako ndiyo inayotenganisha ngozi yako na jasho lao.

Swali: Kuna hatari gani ambayo wenye kipara huisahau?

Jibu: Jua. Theluji inaweza kurudisha hadi asilimia 80 ya miale ya jua inayochoma ngozi, na miale hiyo huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000. Ukivua helmeti kula nje saa sita mchana, utosi unaungua huku mwili unasikia baridi. Paka dawa ya kukinga jua yenye SPF 30 au zaidi, iache ikauke, ndipo uvae kofia. Ngozi nyeusi nayo huungua.

Swali: Nitatambuaje kwamba baridi imeanza kunidhuru?

Jibu: Masikio, pua na mashavu ndiyo hutangulia. Ukiacha kusikia maumivu mahali palipokuwa panauma, usifurahi. Ganzi ndiyo dalili. Kwenye ngozi nyeusi usisubiri wekundu: tazama mahali palipopauka, penye rangi ya kijivu au ya nta, na pagumu ukigusa. Baridi pamoja na upepo ikifikia kiwango cha nyuzi 28 chini ya sifuri, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 10 hadi 30. Takwimu za majeshi ya Marekani na Uingereza zimeonyesha kuwa askari wenye asili ya Afrika huumizwa na baridi kwa kiwango kikubwa kuliko wenzao, hasa mikononi na miguuni, kwa hiyo usijipime na jirani yako.

Ingia ndani mara moja. Usisugue, usipake theluji, na usiweke vile vipakiti vya kutoa joto juu ya ngozi, kwani ngozi yenye ganzi huungua bila mwenyewe kujua. Pasha moto polepole kwa kiganja au kitambaa chenye maji ya uvuguvugu. Ganzi isipoondoka au malengelenge yakitokea, nenda kituo cha huduma ya kwanza cha mlimani.

Swali: Fedha yangu ni ndogo. Ninunue nini kwanza?

Jibu: Helmeti unaweza kukodi mwaka wa kwanza. Fedha yako inunue kofia mbili nyembamba, moja ya kuvaa na moja ya kubadilisha. Kipara hakihitaji kofia nene. Kinahitaji kofia kavu na helmeti inayokaa sawasawa. Ukivipata hivyo viwili, kilichobaki ni kujifunza kusimama.