Msafiri wa Umra, punguza mzigo

SIFA zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na Maswahaba zake.

Ndugu Waislamu, katika darsa za Umra tunasomeshana nguzo, wajibu na sunna. Suala la begi tunaliachia familia. Matokeo yake mtu anaondoka nyumbani na masanduku mawili, na ibada yake inaanza kuharibika kabla hajafika Makka.

Safari moja nilikuwa nimeongozana na kikundi cha Umra kutoka Dar es Salaam. Ndege ilipokaribia mikati ikatangazwa kwamba wanaokusudia Umra wajiandae. Mzee mmoja aliyekaa jirani yangu akanigeukia, uso umembadilika.

“Ustadh, nguo zangu za ihram ziko kwenye sanduku, chini huko.”

Sanduku lilikuwa kwenye shehena, na hakuna wa kulifungua angani. Kilichomtia hofu kilikuwa cha kweli. Jamhuri ya wanazuoni wanasema mwenye kukusudia Umra akivuka mikati bila ya kuhirimia, inampasa arudi. Asiporudi, achinje mnyama na nyama wapewe masikini wa Haram. Kwa anayetoka kwetu moja kwa moja, mikati inayotajwa kwa kawaida ni Yalamlam. Anayebadilisha ndege Dubai huja kwa upande wa Qarnul Manazil. Zote mbili hupitwa kabla ya kutua Jeddah, kwa hiyo kusubiri sanduku uwanjani ni kuchelewa.

Nikamwambia, “Mzee wangu, tulia. Ihram ni nia, shuka ni vazi lake tu.” Ndani ya begi langu nilikuwa na kikoi cha kulalia, na kijana wa kiti cha nyuma akatoa taulo. Mzee akaingia msalani na kanzu yake, akatoka na kikoi chenye mistari ya bluu kiunoni na taulo begani. Akanuia, akaleta talbiya huku machozi yanamtoka.

Wapo waliomwangalia kwa mashaka kwa sababu ya ile mistari. Weupe ni sunna, si sharti. Na kinachokatazwa kwa mwanamume ni vazi lililokatwa na kushonwa kwa umbo la mwili, kama kanzu au shati. Kikoi kilichopindwa ncha hakina tatizo. Hata lau kikoi kingekosekana, ipo hadithi ya Ibn Abbas katika Bukhari na Muslim inayomruhusu asiyepata shuka ya chini avae suruali.

Tulipofika Jeddah sanduku la mzee halikuonekana. Lilikuja siku ya tatu. Wakati huo mzee alikuwa ameshatufu, ameshasai na ameshanyoa. Akalitazama, akacheka: “Sasa hili lilikuwa la kazi gani?”

Nisije nikaonekana namcheka mzee, mimi mwenyewe nilifanya kosa kubwa kuliko lake. Katika safari yangu ya kwanza nilibeba masanduku mawili, moja likiwa tupu kwa ajili ya zawadi. Siku ya mwisho Makka nilishinda chumbani napanga, napima na kupangua, kwani uzito ulikuwa umezidi. Adhana ya Alasiri ikanikuta nimekalia sanduku nalilazimisha lifunge. Nikaswali chumbani peke yangu. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba swala moja katika Msikiti Mtukufu ni bora kuliko swala laki moja kwingineko. Nimeifanya hesabu hiyo mara nyingi tangu siku ile. Niliiuza kwa kilo chache za vitambaa.

Sheria yenyewe imempunguzia msafiri mzigo. Swala ya rakaa nne anaiswali mbili. Anayefuta juu ya khofu, mkaazi ana mchana na usiku mmoja, msafiri ana siku tatu na usiku zake. Asiyepata maji anatayamamu. Vipi basi Allah (S.W.) atupunguzie swala, nasi tujiongezee masanduku?

Lakini tusivuke mpaka kwa upande wa pili. Watu wa Yemen walikuwa wakienda kuhiji bila ya chakula wala fedha, wakijiita wenye kutawakali, kisha wakifika Makka wanaomba watu. Ibn Abbas ameeleza kwamba hiyo ndiyo sababu ya kushuka amri ya kuchukua masurufu, katika Suratul Baqara aya ya 197, na hapo hapo uchamungu ukatajwa kuwa ndio masurufu bora. Kwa hiyo kusafiri mwepesi si kusafiri mikono mitupu. Ni kubeba kinachotosha.

Kinachotosha ni kipi? Mashirika mengi ya ndege yanamruhusu abiria wa daraja la kawaida kuingia na begi la kilo 7. Soma tiketi yako. Kwa Umra ya siku kumi, mwanamume weka shuka za ihram, kanzu mbili, kikoi, nguo za ndani za kubadilisha, kandambili na msahafu mdogo. Fua usiku, asubuhi nguo imekauka. Dada zetu hawana vazi maalumu la ihram. Nguo zao za sitara zinatosha, bila ya nikabu na glovu wakiwa katika ihram. Pasipoti, cheti cha chanjo ya homa ya uti wa mgongo na dawa unazotumia kila siku visitoke mkononi mwako. Sabuni iwe isiyo na manukato. Vimiminika viwe katika vichupa visivyozidi mililita 100. Mkasi uache, utachukuliwa kwenye ukaguzi, na vinyozi wapo karibu na Marwa.

Linabaki suala la zawadi, na hapa ndipo penye uzito wenyewe. Kupeana zawadi ni sunna yenye kuleta mapenzi. Ila sisi tumeigeuza kuwa deni. Shangazi anataka kitenge cha Makka, jirani anataka mswala, shemeji anataka saa. Wapo wanaokopa ili wasirudi mikono mitupu, na wapo wanaoahirisha safari kwa sababu nauli wanayo lakini pesa ya zawadi hawana. Allah (S.W.) ameweka sharti la uwezo katika Hija, na zawadi hazimo katika uwezo huo. Isitoshe, miswala na tasbihi nyingi zinazouzwa kule zimetengenezwa China au Uturuki, na mfano wake upo Kariakoo.

Ushauri wangu ni huu. Kabla ya kuondoka, waambie jamaa zako waziwazi: “Nipeni majina yenu, niwaombee.” Yaandike kwenye karatasi, nayo haina uzito. Ukirudi, gawa tende, hata tatu tatu kwa kila nyumba. Nasi tunaobaki, tumpokee anayerudi kwa kumuuliza kuhusu ibada yake. Tuache kuchungulia begi lake.

Wabillahi tawfiq.