Usukani Unaopwaya: Kutafuta Chanzo Kabla ya Kukaza

Dereva wa pikapu kuukuu huzoea jambo moja bila kujitambua: kuuchezesha usukani kulia na kushoto hata pale barabara iliponyooka. Hafanyi hivyo kwa kupenda. Gari halifuati mkono wake mara moja, kwani usukani huzunguka sentimita kadhaa kabla magurudumu hayajaanza kugeuka. Nafasi hiyo tupu ndiyo mpwayo. Gari liendalo kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Basi dereva akipoteza nusu sekunde katika kuuondoa mpwayo, gari limekwisha kwenda mita 11 kabla ya kumtii.

Mfano mzuri wa kujifunzia ni Toyota Hilux yenye kuendeshwa kwa magurudumu manne na ekseli ngumu ya mbele, aina iliyoanza kutengenezwa mwaka 1979. Usukani wake huzungusha mhimili uingiao katika boksi la usukani. Humo mna parafujo nene iliyovikwa nati kubwa, na kati yake hubiringika gololi za chuma ili kupunguza msuguano. Nati ina meno upande mmoja; meno hayo hugeuza kipande cha gurudumu la meno, na kipande hicho hugeuza mkono ulio nje ya boksi. Mkono husukuma chuma kirefu kinachogeuza gurudumu moja, na tairodi iliyolala sambamba na ekseli hupeleka mwendo katika gurudumu la pili. Kila kiungio kina tufe lililokaa katika kikombe chake. Mpira wa kukinga vumbi ukipasuka, mchanga na maji huingia, grisi hutoka, na chuma hula chuma.

Huenda mwanafunzi akashangaa kwamba ulegevu wa milimita moja tu waweza kumsumbua dereva. Hesabu yake ni hii. Chukulia kwamba mkono wa boksi una urefu wa milimita 150, na kwamba usukani huzunguka mara 18 kwa kila mzunguko mmoja wa mkono huo. Milimita 1 ikigawanywa kwa 150 ni radiani 0.0067, yaani digrii 0.38. Zidisha kwa 18. Usukani utazunguka takriban digrii 7 bure. Ikiwa nusu kipenyo cha usukani ni sentimita 20, ukingo wake utasogea sentimita 2.4. Viungio viwili vikilegea kadiri hiyo, hasara hujumlishwa. Boksi linalompunguzia dereva kazi ndilo hilo hilo linalomkuzia kasoro.

Juu ya boksi mna skrubu yenye nati ya kuifunga, na wengi huikimbilia hiyo kwanza kwa kuwa ni rahisi kuifikia. Ni haraka ya hatari. Gari huenda mbele moja kwa moja kwa sehemu kubwa ya maisha yake, hivyo meno ya katikati hulika kuliko ya pembeni. Skrubu ikikazwa mno ili kuziba nafasi ya katikati, meno ya pembeni ambayo hayajalika hubanana. Usukani huwa mzito katika kona na haurudi wenyewe baada ya kukata kona. Dereva aliyekuwa na usukani mlegevu sasa ana usukani unaong'ang'ania, nao ni mbaya zaidi.

Kwa hiyo uchunguzi hutangulia, nao hutaka watu wawili. Gari lisimame juu ya magurudumu yake mahali tambarare, breki ya mkono ikiwa imevutwa na magurudumu ya nyuma yamewekewa vizuizi. Mmoja autikise usukani kidogo kidogo. Mwingine atazame chini na kuweka kidole juu ya kila kiungio kwa zamu. Pale kipande kimoja kinapocheza na kinachofuata kimetulia, ndipo penye mpwayo. Asisahau boliti zinazolifunga boksi kwenye chesisi, wala chesisi yenyewe, ambayo katika magari ya mizigo waweza kuikuta imepasuka mahali hapo.

Kisha ekseli iinuliwe kwa jeki na kuegemezwa juu ya vigingi imara. Jeki peke yake isiaminiwe kamwe. Gurudumu lishikwe juu na chini na kutikiswa. Likicheza, msaidizi akanyage breki: mchezo ukitoweka, beringi za gurudumu zimelegea, ukibaki, kasoro imo katika beringi za kifundo kinachogeuza gurudumu. Hiyo beringi ya kifundo ndiyo huachwa mara nyingi, ingawa huweza kuyafanya magurudumu yatetemeke kwa nguvu baada ya kugonga shimo.

Kiungio cha tairodi kilicholika hubadilishwa, hakichomelewi. Kabla ya kukifungua, mizunguko yake ihesabiwe ili kipya kifike karibu na pale pale, na nati yake ifungwe kwa pini mpya. Boksi huguswa mwisho, magurudumu yakiwa yameinuliwa na usukani ukiwa katikati kabisa: skrubu huzungushwa sehemu ya nane ya mzunguko, kisha usukani hugeuzwa toka mwisho hadi mwisho. Ukikwama popote, skrubu irudishwe; kama mpwayo bado ni mkubwa, boksi limechoka na lahitaji kufunguliwa.

Baada ya kugusa tairodi, magurudumu hupimwa upya. Gari lirudishwe chini na kusukumwa mbele kidogo, kisha katikati ya kila tairi itiwe alama ya chaki upande wa mbele, usawa wa ekseli. Umbali kati ya alama hizo mbili hupimwa kwa futikamba. Halafu gari husukumwa mpaka alama zifike nyuma, na kupimwa tena. Tofauti ya vipimo hivyo viwili hulinganishwa na ile iliyoandikwa katika kitabu cha gari.