Majaribio ya Tiba ya Nimonia: Namna ya Kuyasoma Matokeo Yake Njombe na Makambako

Nimonia ni maambukizi ya mapafu ambayo hujaza majimaji na usaha katika vifuko vidogo vya hewa, hata oksijeni isiifikie damu kwa kiasi cha kutosha. Mgonjwa aliyelazwa hupewa antibiotiki, oksijeni na uangalizi wa karibu. Hata hivyo, wapo wanaofariki ilhali wamepata vyote vitatu. Kwa sababu hiyo watafiti huendelea kutafuta tiba ya nyongeza, na ni vyema mhudumu wa wodi na mgonjwa wajue tiba hiyo hupimwaje kabla ya kukubaliwa.

Kwa nini kura hupigwa

Katika jaribio la tiba, wagonjwa hugawanywa katika makundi kwa bahati nasibu, kama kupiga kura. Daktari hachagui nani apate dawa inayopimwa. Angechagua, huenda angewapa walio taabani zaidi, na mwishoni isingejulikana kama tofauti ya vifo imeletwa na dawa au na hali waliyofika nayo wagonjwa.

Faida ya utaratibu huu ilidhihirika katika jaribio la FEAST, lililofanyika Kenya, Uganda na Tanzania, ambako kituo kilikuwa Muheza. Matokeo yake yalitolewa mwaka 2011. Lilihusu watoto 3,141 wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu, wengi wao wakipumua kwa shida. Kwa miaka mingi iliaminika kuwa mtoto wa namna hiyo apewe maji mengi ya dripu kwa haraka. Katika saa 48 za mwanzo walifariki takribani watoto 11 katika kila 100 waliopewa maji hayo, na 7 katika kila 100 ambao hawakupewa. Desturi iliyodhaniwa kuokoa ilikuwa ikidhuru.

Jaribio la Kenya

Matokeo ya jaribio la SONIA yalichapishwa mwaka 2025. Wagonjwa 2,180, watu wazima waliolazwa kwa nimonia katika hospitali 18 za umma nchini Kenya, waligawanywa katika makundi mawili. Kundi moja lilipata matibabu ya kawaida. Jingine liliongezewa dawa ya steroidi kwa kiwango kidogo kwa siku 10. Waliokuwa na sababu nyingine ya wazi ya kupewa steroidi hawakujumuishwa. Baada ya siku 30 walikuwa wamefariki asilimia 26.0 ya kundi la kwanza na asilimia 22.6 ya kundi la pili. Kwa hesabu nyepesi, wakitibiwa wagonjwa 30 hivi, kifo kimoja huepukwa. Kwa dawa ya bei nafuu, faida hiyo si ndogo.

Matokeo hayo yakifika Njombe

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022/2023 ulionesha kuwa Njombe ndio mkoa wenye kiwango kikubwa zaidi cha maambukizi ya VVU nchini: asilimia 12.7 ya watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi. Kwa hiyo, mbele ya mgonjwa wa nimonia, swali la steroidi hutanguliwa na maswali mengine. Je, amepima VVU? Je, makohozi yake yamechunguzwa kifua kikuu? Nimonia ya fangasi inayowapata wenye kinga dhaifu hutibiwa kwa kotrimoksazoli ya kiwango kikubwa, na ikiwa kali steroidi huongezwa kwa utaratibu wake. Kifua kikuu kisichotambuliwa, kwa upande mwingine, kinaweza kufichwa na nafuu ya muda inayoletwa na steroidi. Dawa hizo pia hupandisha sukari ya damu.

Makambako ni njia panda ya Mbeya, Iringa na Songea. Msafiri anaweza kushuka kwenye basi akalazwa bila kadi ya kliniki wala ndugu wa kueleza historia yake. Kwa mgonjwa kama huyo vipimo ndivyo vinavyosema.

Ifahamike pia kuwa jaribio lilihusu waliolazwa. Halimpi ruhusa mwenye kikohozi kununua deksamethasoni dukani. Nchini Uingereza, jaribio la RECOVERY la mwaka 2020 lilionesha kuwa dawa hiyo ilipunguza vifo vya wagonjwa wa UVIKO-19 waliohitaji oksijeni, lakini haikuwafaa wasioihitaji.

Mgonjwa akiombwa kushiriki

Jaribio la dawa nchini Tanzania huhitaji kibali cha maadili, ambacho kitaifa hutolewa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, pamoja na idhini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Mgonjwa ana haki ya kuelezwa kwa lugha anayoielewa, na bibi anayeelewa Kibena zaidi aelezwe kwa Kibena. Anaweza kukataa, au kujitoa baadaye, bila kunyimwa matibabu ya kawaida. Saini iliyotolewa kwa hofu ya kukosa kitanda si ridhaa.

Maswali ya kujadili wodini

1. Mgonjwa aliye mbele yetu anafanana na waliokuwa katika jaribio?
2. VVU, kifua kikuu na sukari vimepimwa?
3. Antibiotiki na oksijeni, ambazo ndizo msingi, zimetolewa kwa wakati?

Jibu la swali lolote likiwa «hapana», kazi ianzie hapo kabla ya kufikiria steroidi.