Usimwache Yosefu Shimoni



Somo letu leo ni uonevu shuleni. Fungua Biblia, Mwanzo 37:12-30, usome kwanza ndipo uendelee.

Tukizungumzia uonevu huwa tunawaangalia wawili: anayeonea na anayeonewa. Leo tumwangalie wa tatu, Reubeni. Ndugu zake wanataka kumwua Yosefu. Yeye anawazuia, anashauri atupwe shimoni tu, kwa sababu amepanga kurudi baadaye amtoe na kumrudisha kwa baba yao. Aliporudi, shimo lilikuwa tupu. Yosefu kashauzwa kwa vipande 20 vya fedha.

Reubeni hakuwa na roho mbaya. Alitaka kumwokoa mdogo wake bila kukorofishana na kundi, basi akachelewa.

Sisi tuliosoma bweni huku Bukoba na Muleba, Reubeni tunamjua. Njuka anafika na tranka lake; wiki haijaisha, sabuni imeporwa, na anafua nguo za wakubwa. Mwenzake aliyetoka visiwani, Goziba au Ikuza, bweni zima linamwita "Dagaa". Siku hizi anapigwa na picha akilia, inarushwa WhatsApp. Papa Fransisko, katika wosia wake kwa vijana, Christus Vivit (2019), aliutaja uonevu wa mitandaoni miongoni mwa sura mpya za ukatili. Wanaoonea ni watatu au wanne. Wanaotazama ni bweni zima, na wengi wanasema moyoni, "Nitamfariji baadaye."

Wengine husema ni utani tu, atakomaa. Sisi wa Bukoba tusiseme hivyo. Agosti 2018, mwanafunzi wa darasa la tano wa Shule ya Msingi Kibeta alifariki baada ya kuchapwa na mwalimu, akituhumiwa kuiba mkoba wa mwalimu. Pale mkono ulikuwa wa mtu mzima, lakini tulijifunza kwamba ukatili shuleni unaweza kuua.

Sasa tufanye nini?

1. Mtoe pale pale. Si lazima upigane. Nilipokuwa bweni Muleba, kaka mmoja wa kidato cha tatu, mpole kabisa, kila walipomzunguka njuka alifika na kikombe chake cha uji akasema, "Dogo, twende." Basi. Uonevu haukuisha siku moja, ila yule njuka alijua ana mtu.

2. Usicheke, usirushe picha. Kicheko chako ndicho kinachompa nguvu anayeonea.

3. Sema siku hiyo hiyo kwa patroni, matroni, mwalimu wa zamu, mlezi wa TYCS au padre. Wa kwanza asipokusikiliza, nenda kwa wa pili. Huo si umbea. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mtoto kuteswa na kudhalilishwa, na namba 116 ya huduma kwa mtoto hupigwa bure.

Wewe unayeonewa: kosa si lako, na Mungu hakukutupa. Usibebe peke yako, mwambie mtu leo. Wewe unayeonea: soma Mwanzo 42:21. Miaka mingi imepita, lakini ndugu zake Yosefu bado wanakumbuka alivyowasihi wakakataa kumsikiliza. Kilio cha mwenzako utakibeba hata ukiwa na watoto wako. Nenda kaungame, kisha umwombe msamaha uso kwa uso na umrudishie ulichochukua.

Tafakari: Shuleni kwenu, nani yuko shimoni wiki hii? Taja jina lake moyoni. Kesho wakati wa chakula, kaa naye meza moja.

Tusali: Ee Yesu, uliyedhihakiwa na askari na kuvikwa taji la miiba, utupe ujasiri wa kusimama na mwenzetu saa ile ile anapotuhitaji. Amina.