ZAMU NI HAKI: SOMO LA FOLENI NDANI YA KOMPYUTA



 

Wapenzi wanafunzi na wazazi wetu, mwaka huu nimeombwa niandike somo la kompyuta. Nimechagua jambo lisiloonekana kwa macho: kompyuta inapoombwa mambo mengi kwa wakati mmoja, nani ahudumiwe kwanza? Nitaanza na bomba la maji, kwa sababu hapo ndipo mimi mwenyewe nilipokosea.

Dumu la lita 20

Kiangazi kimoja maji yalikuwa ya shida hapa Dodoma, nami nikapewa kazi ya kusimamia bomba la madrasa. Nikaweka kanuni: wenye vyombo vidogo watangulie, kwa kuwa ndoo ndogo hujaa upesi na foleni hupungua. Watoto wengi waliondoka mapema na nikajiona nimefanya jambo la maana.

Lakini binti mmoja alikuja baada ya swala ya Alasiri na dumu la lita 20. Kila alipolikaribia bomba alitokea mtoto mwingine na kindoo chake, nami nikamwambia, "Subiri kidogo, mwanangu." Adhana ya Magharibi ilimkuta palepale, dumu tupu.

Kesho yake mama yake alinijia. "Assalaam alaykum, ustadhi. Jana mwanangu alikosea nini?" Niliitikia salamu, kisha nikakosa la kusema. Mtoto hakukosea kitu. Kanuni yangu ndiyo iliyokosea.

Diski na mkono wake

Diski ngumu ya kompyuta ina visahani vinavyozunguka. Juu ya kila kisahani habari zimepangwa katika maduara mengi, moja ndani ya jingine, mithili ya pete za kisiki cha mti. Mkono wenye kichwa cha kusomea husogea ndani na nje kulitafuta duara linalotakiwa, kisha husubiri kisahani kizunguke mpaka habari ifike chini yake.

Diski nyingi za kompyuta za mezani huzunguka mara 7,200 kwa dakika, yaani mzunguko mmoja huchukua kama milisekunde 8 (milisekunde 1,000 ni sekunde 1). Kwetu huo ni muda mfupi kuliko kupepesa jicho, lakini ndani yake kompyuta inaweza kufanya mamilioni ya hesabu. Diski ya kwanza ya namna hii iliyouzwa, ile ya kampuni ya IBM ya mwaka 1956, ilikuwa na visahani 50 na ilibeba herufi milioni 5 tu. Kuipata habari moja kuliichukua wastani wa milisekunde 600. Basi tangu mwanzo gharama kubwa ilikuwa ni safari ya mkono, na mpangaji wa zamu akitumia akili, safari hiyo hupungua.

Kanuni tatu

Tuseme mkono uko kwenye duara la 50, na maombi yamefika kwa utaratibu huu: 90, 10, 80, 20, 60.

1. Aliyetangulia kufika ahudumiwe kwanza. Mkono unakwenda 90, unarudi 10, unakwenda tena 80, unarudi 20, kisha 60. Jumla umetembea hatua 290. Hakuna aliyerukwa, lakini mkono umechoka bure.

2. Aliye karibu ahudumiwe kwanza. Mkono unakwenda 60, 80, 90, kisha 20 na 10. Jumla ni hatua 120, pungufu ya nusu ya zile za mwanzo. Lakini tazama: kama maombi mapya ya 70, 85 na 75 yanaendelea kuingia, yule wa 10 atangoja mpaka lini? Wataalamu wa kompyuta huiita hali hii njaa, na sisi watu wa Dodoma neno hilo tunalijua uzito wake. Ombi la karibu ni sawa na kindoo kidogo: humalizika haraka, na kwa sababu hiyo hupendelewa. Ombi la mbali ndilo dumu la lita 20.

3. Kwenda na kurudi. Mkono unaelekea upande mmoja ukihudumia wote walioko njiani, ukimaliza unageuka na kuhudumia wa upande wa pili. Fikiria gari la abiria litokalo Dodoma kupitia Bahi na Kintinku hadi Manyoni. Halirudi Bahi kwa sababu abiria mmoja amechelewa kufika kituoni. Huyo atapandishwa gari litakapokuwa likirudi. Kwa mfano wetu jumla ni hatua 120 zilezile, na yule wa 10 ana hakika kwamba zamu yake inakuja.

Mpaka wa kusubiri

Kuna kinga nyingine. Katika Linux, toleo la 2.6 lililotoka mwishoni mwa mwaka 2003, kulikuwa na mpangaji wa zamu anayempa kila mwombaji mpaka wa kusubiri. Kwa kawaida ombi la kusoma lilipewa milisekunde 500, na la kuandika sekunde 5. La kusoma lilipewa muda mfupi kwa sababu aghalabu programu husimama kabisa mpaka isome. Muda ukipita, ombi huhudumiwa hata kama liko mbali.

Nasi bombani tulifanya vivyo hivyo: vindoo vitangulie, lakini aliyepitwa mara tatu hapitwi mara ya nne.

Njia moja, wasafiri wengi

Ndani ya kompyuta kuna pia njia za pamoja za kupitishia habari. Mafundi huziita basi, lakini si basi la abiria. Ifananishe na reli ya kati ya zamani, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Dodoma mwaka 1910 na Kigoma mwaka 1914. Njia ni moja, na treni mbili haziwezi kukutana katikati. Moja hungoja stesheni mpaka nyingine ipite, na lazima awepo anayetoa ruhusa.

Katika aina ya basi iitwayo PCI, iliyotoka mwaka 1992, kila kifaa kina waya wake wa kuomba njia na waya wake wa kupokea ruhusa, na kuna mwamuzi mmoja katikati. Kifaa kilichopewa njia huwekewa kikomo, ili kisiikalie wakati wengine wanangoja. Zipo pia njia ambazo ruhusa hupokezanwa kutoka kifaa hadi kifaa. Hapo kilicho karibu na mwamuzi hujichukulia kwanza, na cha mwisho hulala njaa.

Siku hizi kompyuta nyingi zina diski za SSD zisizo na mkono wala kisahani. Safari ya mkono imeondoka, ila foleni ingalipo, na swali la nani apewe zamu limebaki.

Hitimisho

Katika Surat Al-Qasas tunasoma habari za Nabii Musa (A.S.) alivyofika kwenye maji ya Madyan, akawakuta wanawake wawili wameshikilia wanyama wao pembeni, wakingoja wachungaji waondoke. Aliwanyweshea. Wanafunzi wangu, mkipewa usimamizi wa bomba, wa kompyuta ya darasa au wa ofisi, msihesabu tu ni wangapi mmewahudumia. Mtazameni na aliyengoja kuliko wote.

Zoezi

Mkono uko kwenye duara la 40. Maombi yamefika hivi: 70, 30, 95, 35, 5. Tafuta jumla ya hatua kwa kila kanuni. Kwa kanuni ya tatu anza kuelekea namba kubwa. Kisha jadili na wenzako: katika kanuni ya pili, nani yuko hatarini kulala njaa?

Majibu: 225, 125, 145.